Kilomita 10 za msitu wa Pugu zinakula nusu saa zaidi ya lami. Ni vilima, joto, udongo au saa zetu?

#1 Kasi_Ndogo
Wakuu, salaam. Nina hoja kwa wanaoijua Pugu–Kazimzumbwi, msitu wa kando ya Dar, kwa miguu.

Mkimbiaji wa kilomita 10 za lami kwa dakika 60 akiingia njia za msitu anatoka na dakika 85 hadi 95. Mtu yuleyule, wiki ileile, kalala na kala vizuri. Kwenye makundi ya mbio jibu ni moja tu: "vilima". Sikubali. Vilima vya Pugu havizidi sana mita 300 kutoka usawa wa bahari, na mzunguko wa kilomita 10 ukijumlisha vipando vyote unapata kama mita 250. Mita 250 haziwezi kula nusu saa peke yake. Nini kingine kinakula hizo dakika? Naomba majibu yenye hesabu.

#2 Mzee Kipima
Hesabu ipo, na inakuunga mkono nusu. Chama cha kimataifa cha mbio za njia za milimani, ITRA, kinapima ugumu wa njia hivi: chukua kilomita, ongeza kilomita moja kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo 10 zenye kipando cha 250 zinakuwa 12.5. Kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita ni dakika 75. Vilima vimekula 15. Zinabaki kati ya 10 na 20 ambazo hazina mwenyewe, na hapo ndipo pa kuchimba.

#3 Mwana wa Vuli
Vilima kweli hamvioni? Mkuu #1, umewahi kupanda kutoka bondeni ukiwa na mteremko mwingine unakusubiri juu? Msitu mzima wa Dar hauna tambarare.

#4 Kisarawe Kwetu
@Mwana wa Vuli, sehemu kubwa ya msitu iko wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani. Dar ni ukingoni tu. Yalikuwa mahifadhi mawili, Pugu na Kazimzumbwi, sasa ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu. Na tambarare zipo, sema watu hawazifuati kwa sababu wanakimbilia mapangoni kupiga picha.

#5 Daktari wa Jioni
Dakika zilizopotea zinakaa kwenye jasho. Jasho linapoza mwili likikauka tu. Likidondoka chini umepoteza maji bure. Desemba hadi Machi alfajiri ya pwani hewa inakuwa imejaa mvuke, unyevu unapita asilimia 85, na ndani ya msitu miti inazuia upepo. Barabarani unapata upepo wa bahari na upepo wa mwendo wako mwenyewe. Chini ya miti unakimbia polepole, upepo wa mwendo haupo, wa bahari haufiki.

Mwili ukishindwa kupoa unapeleka damu nyingi kwenye ngozi, misuli inabaki na kidogo, moyo unapiga haraka kwa mwendo uleule. Anayekimbia kwa kufuata mapigo atapunguza mwendo bila kujua. Anayekimbia kwa kufuata saa ataungua kabla ya kilomita ya nane.

#6 Wa Kiambu Road
Hamjambo wa Bongo. Hapa Karura, msitu wa Nairobi, tuko juu ya mita 1,600 na hewa ni kavu, na bado tofauti ya lami na msitu ipo, ingawa si nusu saa. Njia za Karura ni pana, nyingi ni barabara za udongo ulioshindiliwa, na kila njia panda ina kibao chenye namba, kwa hiyo hakuna kusimama kuuliza "tupite wapi". Nadhani kusimama kunawala dakika nyingi kuliko mnavyokubali.

#7 Mwana wa Vuli
Karibu jirani. Karura mna lango, mna mkahawa, mna vibao vya namba. Huo ni uwanja wenye miti 😀

#8 Wa Kiambu Road
😀 Uwanja wenye hekta zaidi ya 1,000, maporomoko ya maji na mapango, na uliobaki msitu kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya wanyakuzi wa ardhi mwaka 1999 mpaka wakapigwa. Tunauheshimu. Lakini jibu hoja ya kusimama.

#9 Mzee Kipima
Hoja ya #6 inapimika. Saa nyingi zina muda wa aina mbili: muda wote tangu ubonyeze, na muda wa kutembea tu. Fungua rekodi ulinganishe. Anayesimama njia panda sita sekunde 40 kila moja amepoteza dakika 4. Akisimama kufunga kamba, kunywa maji na kuondoa jani kwenye raba, 6 au 7 zinatimia. Kwa hiyo kati ya zile 10 hadi 20, kusimama kunaweza kuchukua theluthi au zaidi.

Dawa ni kuingiza njia kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. OsmAnd na Organic Maps zote zinafanya kazi bila intaneti. Pakua ramani ya Tanzania, weka faili la GPX (njia iliyorekodiwa), na kwenye OsmAnd washa sauti ya kugeuka. Usitegemee mtandao bondeni.

#10 Fundi Raba
Mmesahau ardhi. Udongo wa Pugu una kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo. Ukiwa mkavu ni vumbi laini juu ya sehemu ngumu, ukilowa unakuwa sabuni. Raba ya lami ina soli bapa, kila hatua inateleza nyuma kidogo. Kwa jicho huoni, lakini nguvu ya kusukuma imepotea.

Kwa Pugu nashauri meno ya soli ya milimita 4 hadi 5, yaliyoachana. Yakibanana tope linajaa katikati na umerudi kwenye soli bapa. Meno ya 6 na zaidi ni ya tope zito la masika, kiangazi yanayumba kwenye ardhi ngumu na yanaisha haraka.

Wanaonunua mtumba Karume: bonyeza sponji ya kati kwa kidole gumba. Ikirudi polepole au isiporudi, imekufa hata kama soli ya chini inaonekana mpya. Kisha kunja raba pale vidole vinapokunjika, uangalie gundi ya mbele. Raba iliyokaa kontena muda mrefu inafumuka pua siku ya kwanza ya maji. Gundi ya fundi inasaidia kama itashonwa na uzi pembeni, gundi peke yake haivuki masika.

#11 Chui Mpole
Nakubaliana na Fundi. Kukimbia kwenye mchanga laini kunatumia nishati mara 1.6 ya ardhi ngumu, jambo hili limepimwa maabara. Kwa hiyo kitendawili kimeteguliwa, tufunge uzi.

#12 Mzee Kipima
Usifunge. Hiyo 1.6 ni ya mchanga mkavu unaozama, wa ufukweni. Ingekuwa Pugu yote iko hivyo, 60 ingekuwa karibu 96 kwenye tambarare tupu, kisha uongeze vilima uvuke saa moja na dakika 50. Hakuna anayetoka na muda huo ila aliyepotea. Mchanga wa namna hiyo upo vipande vipande tu. Sehemu kubwa ni udongo mgumu wenye majani makavu na mizizi.

#13 Mama Pacha
Na mizizi ndiyo jibu langu. Barabarani macho yako mita 20 mbele, hatua inajirudia yenyewe. Msituni kila hatua ni uamuzi: refu, fupi, pembeni, ruka. Hatua isiyolingana inagharimu zaidi hata kama ardhi ni tambarare, kwa sababu unaongeza na kupunguza mwendo kila mara.

Wanaoanza wanaangalia vidole vyao vya miguu. Angalia mita 3 hadi 5 mbele, acha mguu ukumbuke ulichoona sekunde moja iliyopita. Hatua fupi, 175 hadi 185 kwa dakika, mguu utue chini ya nyonga na si mbele yake. Ukitua mbele ya nyonga kwenye jani bichi, umeanguka.

#14 Kasi_Ndogo
Asanteni, uzi umenoga. Dada Mama Pacha, kwenye miteremko je? Nilidhani tunachopoteza tukipanda tunakirudisha tukishuka.

#15 Mama Pacha
Hakirudi chote. Kushuka kunapunguza gharama ya nishati mpaka mteremko wa kama asilimia 20. Ukizidi hapo gharama inaanza kupanda tena, maana misuli inafanya kazi ya breki. Njia za Pugu zinashuka kwa ghafla na fupi, halafu chini kuna kijito au fungu la mizizi, kwa hiyo unafunga breki mapema. Kasi ya mteremko unaitupa.

Na breki hizo ndizo zinazoumiza paja. Msuli unarefuka huku umekaza, nyuzi zinachanika kidogo, maumivu yanafika kilele saa 24 hadi 72 baadaye. Habari njema ni kwamba msuli ukipitia hilo mara moja unajikinga kwa wiki kadhaa. Mwenye mashindano ashuke mteremko mkali kwa bidii wiki mbili au tatu kabla. Wiki ya mashindano asijaribu kabisa.

Kupanda: mwinuko ukizidi asilimia 20, tembea. Mikono juu ya mapaja, sukuma. Utamfikia aliyekuwa anakimbia, na pumzi yako itakuwa imebaki.

#16 Mwana wa Vuli
Kwa hiyo ni vilima. Nilisema #3.

#17 Mzee Kipima
Ni vilima zaidi ya nilivyohesabu, hilo nakubali. Kanuni ya ITRA inahesabu kipando na kuacha aina ya mteremko. Njia yenye vipando vifupi vikali ishirini si sawa na yenye kimoja kirefu cha taratibu, hata kama jumla ni 250.

#18 Satelaiti
Wote mnahesabu kwa umbali ambao hamjaupima. Chini ya miti minene mawimbi ya satelaiti yanagonga majani na vigogo yakichelewa. Saa inaona uko mita kadhaa pembeni, kisha inarudi. Kuna makosa mawili yanayovutana. Kuyumba kunarefusha umbali. Kukata kona kunaufupisha, hasa saa ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri na kuandika nukta kila baada ya sekunde kadhaa: njia yenye kona nyingi inageuzwa mistari iliyonyooka. Kwenye msitu wa kona kama ule kukata ndiko kunakoshinda. "Kilomita 10" ya saa inaweza kuwa 10.5 ya miguu. Kwa mwendo wa 7:30 hizo ni dakika karibu 4.

Weka hali ya kurekodi kila sekunde. Kama saa ina masafa mawili ya satelaiti, yawashe. Na kabla ya kuanza simama sehemu ya wazi dakika mbili hadi tatu mpaka ishara itulie. Watu wanabonyeza wakiwa tayari chini ya miti, kilomita ya kwanza inakuwa takataka.

#19 Chui Mpole
Mkuu Satelaiti, na ndani ya mapango? Kuna wanaopitisha mzunguko wao mle. Ni mapango ya asili, mazuri sana.

#20 Kisarawe Kwetu
Si ya asili. Ni mahandaki ya watu waliochimba kaolini. Mapango ya asili ni Amboni kule Tanga, miamba ya chokaa iliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Tofauti hiyo ni ya usalama, si ya jina. Handaki lililochimbwa kwenye mwamba laini likaachwa bila nguzo halina dhamana ya paa, hasa baada ya mvua.

#21 Satelaiti
Na ndani saa haipati ishara kabisa. Inakisia kwa mwendo wa mkono, ukitoka inachora mstari mmoja mnyoofu kutoka ulipoingilia. Rekodi yote ya kipande hicho ni ya kubuni.

#22 Daktari wa Jioni
Niongeze la popo, na hili naomba lisomwe hata na asiyejali saa. Mle kuna popo wengi. Mkimbiaji anapumua hewa nyingi mara kadhaa kuliko anayetembea, na anatimua vumbi la kinyesi kwa miguu. Kinyesi cha popo kinaotesha kuvu inayoleta histoplazmosisi, ugonjwa wa mapafu unaofanana na kifua kikuu kiasi kwamba mtu anaweza kupewa dozi isiyo yake.

La pili ni Marburg, homa kali ya virusi inayoua. Popo anayejulikana kuibeba ni yule mla matunda anayelala mapangoni, *Rousettus aegyptiacus*. Pango la Kitum, Mlima Elgon, lilihusishwa na wagonjwa wa 1980 na 1987. Uganda watalii waliingia pango la msitu wa Maramagambo wakaugua, 2007 na 2008. Kwetu Kagera kulitangazwa mlipuko Machi 2023 na tena Januari 2025. Dalili huchukua siku 2 hadi 21 kuonekana.

Sisemi Pugu ina Marburg. Nasema pango la popo si njia ya mbio. Anayetaka kuliona aende na mwongozaji, kwa kutembea, barakoa puani, kofia ngumu, tochi mbili, asiguse kuta, asile wala kunywa ndani, anawe akitoka. Akipata homa ndani ya wiki tatu amwambie daktari kuwa aliingia pangoni.

#23 Wa Kiambu Road
Asante daktari. Hata Karura watu hutembea kwenye mapango, hawakimbii. Wengi huenda kwa sababu ya historia ya Mau Mau.

#24 Chui Mpole
Nimeelewa, nimewaondolea wenzangu kipande hicho kwenye faili la njia. Swali la kunywa: maji kiasi gani?

#25 Daktari wa Jioni
Usifuate kiwango cha mtu mwingine. Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya saa moja ya mbio. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho, ongeza na ulichokunywa njiani. Pwani wengi wanakuta lita 1 hadi 1.5 kwa saa. Huna haja ya kurudisha yote ukikimbia, kupungua hadi asilimia 2 ya uzito kunavumilika.

Lita moja ya jasho ina sodiamu karibu gramu 1, wengine nusu yake, wengine mara mbili. Zaidi ya saa moja na nusu, maji matupu mengi yanapunguza chumvi ya damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba pete inabana. Watu wanadhani ni kiu, wanaongeza maji, hali inazidi. Pakiti ya ORS kwa lita moja kamili inatosha. Usiiweke kwenye nusu lita. Dafu ni zuri ukishamaliza, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya ORS.

#26 Fundi Raba
Na mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu kabla ya kutoka. Soksi zisiwe za pamba, zinashika maji na kuchubua. Kwa miteremko tumia lile tundu la mwisho la raba ambalo watu hawalitumii: pitisha kamba upande uleule kufanya kitanzi, kisha pitisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, vuta kuelekea kisigino, funga. Mguu hautateleza mbele, kucha za vidole gumba hazitakuwa nyeusi.

#27 Kisarawe Kwetu
Mnaokuja, mambo matatu. Lipieni getini kwa kontro namba kabla ya kuingia, msiingilie vichochoroni. Mtu asiyeandikishwa akipotea hakuna anayemtafuta. Pili upupu: kiangazi maganda yake yanakauka na manyoya yanaruka. Ukikugusa usikune wala usipake maji kwanza. Bandika selotepu, bandua, rudia na kipande kipya mpaka manyoya yatoke, ndipo uoshe kwa sabuni. Nguo ziende peke yake kwenye beseni.

Tatu, kifutu. Nyoka wengine wakisikia mguu wanaondoka, yeye analala palepale kwenye majani akitegemea rangi yake. Kigogo kilicholala njiani usikiruke ukatua upande usiouona. Kanyaga juu yake, tazama, shuka. Akimuuma mtu: hakuna kufunga kamba, kuchanja wala kunyonya. Vua pete na saa, tuliza kiungo kwa banzi, abebwe, hospitali moja kwa moja.

#28 Kasi_Ndogo
Nashukuru sana. Narudi kwenye hoja: tuna vilima, joto, kusimama, mizizi, raba na saa. Tukijumlisha mlivyodai, nakaribia saa mbili badala ya saa moja na nusu. Zote haziwezi kuwa kweli kwa kiwango mlichotaja.

#29 Mzee Kipima
Ndiyo maana tupime. Chagueni kipande cha tambarare msituni, mita 400, kwa futi ya kamba ya mita 50 iliyolazwa mara nane kwa kufuata kona za njia. Mwingine wa mita 400 kwenye lami karibu na geti. Siku moja, saa ileile, raba zilezile, kimbieni vyote kwa mapigo yaleyale, mara tatu tatu kwa kupishana. Vilima vimetoka, saa ya satelaiti imetoka, kusimama kumetoka. Tofauti itakayobaki ni ardhi na hewa. Kisha rudieni siku ya baridi ya Julai. Ikipungua sana, ni hewa. Ikibaki, ni ardhi.

#30 Daktari wa Jioni
Mpango mzuri, una tundu moja. Lami iko juani, msitu uko kivulini. Jua la saa mbili asubuhi linaweza kufidia ukosefu wa upepo msituni, mkasema hewa haina neno. Fanyeni kabla jua halijachomoza vizuri, ila hapo msitu una giza na mwendo utapungua kwa sababu ya kuona. Na mapigo msipime kwa saa ya mkononi: kwenye mizizi mkono unatikisika, taa yake inashika idadi ya hatua badala ya mapigo. Ukiona 178 thabiti tangu dakika ya kwanza, hizo ni hatua zako. Tumieni mkanda wa kifuani.

#31 Mama Pacha
Tundu la pili: mita 400 hazichoshi. Mizizi inakula mwendo kilomita ya saba, miguu ikishachoka na vidole havinyanyuki. Kipande kifupi kitaonyesha ardhi haina kosa.

#32 Mzee Kipima
Basi kipimeni mwanzo na mwisho wa mzunguko. Nakubali.

#33 Mwana wa Vuli
Na kipando cha 250 nani kakipima? Saa zinatofautiana, kundi moja mzunguko mmoja: 190, 240, 310.

#34 Satelaiti
Ya satelaiti tupu ndiyo 310, urefu wa kwenda juu ni udhaifu wake mkubwa. Yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa iko karibu zaidi, lakini nayo ina mtego. Karibu na bahari mgandamizo ukibadilika hektopaskali moja, saa inasoma kama mita 8.4. Ukanda wetu mgandamizo unapanda kila siku kuelekea saa nne asubuhi na kushuka kuelekea saa kumi jioni, hata kukiwa shwari. Ukianza saa kumi na mbili ukamaliza saa nne, saa inaweza kukuonyesha uko chini ya ulipoanzia kwa mita 10 hadi 15 ingawa umesimama geti lilelile. Na tundu la kipimo likizibwa na jasho au tope, namba zinaruka. Lioshe kwa maji safi, usichokonoe na sindano.

#35 Kasi_Ndogo
Nani ana futi ya mita 50? Fundi wa ujenzi yeyote humu?

#36 Fundi Raba
Ninayo, ya nailoni. Ya chuma inashika kutu msituni na haifuati kona. Nitakuja nayo pamoja na chokaa ya kuweka alama.

#37 Kisarawe Kwetu
Chokaa hapana, ni hifadhi. Tumieni vitambaa vya kufunga, mvitoe mkimaliza, na mwambieni mhifadhi getini kabla.